Hujachelewa, Buda: Testosteroni, Maksai na Kijana wa Turkana

Leo sina mzaha mwingi, kwa hivyo kaa chini kidogo tuongee.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa shangazi yangu alipanda gari Kakuma asubuhi akashuka hapa Lodwar na shilingi 4,500 mfukoni. Pesa ilitoka kwa beberu wake mwenyewe, yule babu alimpa akiwa mdogo. Kwenye simu alikuwa na picha moja tu: kichupa cha glasi chenye mafuta ya manjano. Testosteroni. Kuna jamaa wa jimu alikuwa amemwahidi kumdunga sindano kila wiki, na hiyo 4,500 ilikuwa ya kuanzia.

Kijana ana miaka 17. Sauti yake ilivunjika mwaka jana tu. Shuleni wanamwita Darasa la Sita, kwa sababu ati anakaa mtoto wa darasa la sita aliyevaa sare ya sekondari.

Nikamuuliza, nani alikuambia unahitaji hiyo kitu? Akaniangalia vile unaangalia mtu anayejifanya hajui.

"Si wewe, kaka?"

Na ni kweli. Mwaka jana niliweka video, "Dalili tano kwamba testosteroni yako iko chini." Huna ndevu. Mikono nyembamba. Sauti laini. Unajua zile. Niliitengeneza usiku mmoja kutoka kwa video za wazungu wenye vifua kama milango, nikaongeza muziki, nikalala. Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sikusomea udaktari, na sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja kuhusu hiyo homoni. Nilijua tu kwamba wanaume wanaogopa, na hofu inatazamwa.

Video nimeitoa. Lakini kufuta si kujibu. Kwa hivyo nilikaa chini nikasoma kweli kweli, na hili ndilo jibu langu. Ni historia, na inaanzia zizini.

Wachungaji walijua kwanza

Kama umechunga mbuzi hata likizo moja tu, unajua testosteroni ni nini. Hujui jina lake, lakini unaijua. Beberu ambaye hajahasiwa unamnusa kabla hujamwona. Shingo nene, ndevu ndefu, vita kila saa, kula hataki kwa sababu anakimbiza majike. Mhasi mapema na unapata mnyama mwingine kabisa: ametulia, ananenepa, nyama yake haina ule ukali. Hapa kwetu na kwa wafugaji wa dunia nzima, hayo yamejulikana tangu zamani sana. Kitu kinachomfanya dume kuwa dume kiko ndani ya korodani.

Wazungu walichogundua ni vile kinasafiri. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, mtu anaitwa Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga akawahasi. Wengine aliwaacha hivyo. Hao hawakuota kilemba kikubwa chekundu kichwani, hawakuwika sawasawa, hawakupigana. Wengine aliwarudishia korodani, lakini akaziweka tumboni, mahali ambapo si pake, mishipa yote ya fahamu ikiwa imekatwa. Hao wakakua majogoo kamili. Maana yake? Ujumbe haukupita kwenye mishipa ya fahamu. Ulipita kwenye damu.

Halafu ikaja biashara. Mwaka 1889, Paris, daktari maarufu anaitwa Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius hapa kwenye Bahari yetu ya Hindi, akiwa mzee wa miaka 72, alitangaza mbele ya wanasayansi wenzake kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na sasa anajihisi kijana tena. Ulaya na Marekani zikachizi. Dawa za aina hiyo zikauzwa kila mahali. Shida ni moja: homoni yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ndani ya ile sindano hapakuwa na homoni ya kutosha kufanya chochote. Mzee alijihisi kijana kwa sababu aliamini.

Homoni yenyewe ilitengwa ikiwa safi mwaka 1935, huko Amsterdam, na kikundi cha Ernst Laqueur, kutoka kwa korodani za mafahali. Wao ndio waliipa jina testosteroni. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka wakaonyesha jinsi ya kuitengeneza maabarani, na mwaka 1939 wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Piga hesabu. 1889 mpaka 1935 ni miaka 46. Watu waliuziwa uanaume kwenye chupa miaka 46 kabla ya kitu chenyewe kupatikana. Nilipofika hapo niliifikiria video yangu nikaona aibu. Mimi si wa kwanza kwenye hii kazi.

Kwa nini maksai ana miguu mirefu

Sasa twende kwa kazi yake, kwa sababu hapa ndipo lile jambo ambalo lingemharibia binamu yangu maisha.

Ubongo unaamua. Chini yake kuna tezi ndogo inayotuma ujumbe kwa korodani, nazo zinaanza kutoa testosteroni kwa wingi. Kwa wavulana wengi hiyo inaanza kati ya miaka 9 na 14. Korodani zinakua kwanza, halafu nywele, urefu, sauti, misuli, na mara nyingi ndevu zinakuja mwisho kabisa. Homoni hiyo hiyo inaongeza chembe nyekundu za damu, inaimarisha mifupa, na ikiwa ndani ya korodani zenyewe inasaidia kutengeneza mbegu za kiume. Ubongo nao unapima kila wakati: ikiwa nyingi kwenye damu, unapunguza agizo. Ikiwa kidogo, unaongeza.

Lakini kuna kazi moja hakuna mtu wa jimu atakuambia. Mifupa mirefu ya miguu na mikono inarefukia karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini. Wakati wa balehe mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, ndiyo, ile homoni tunaiita ya wanawake, na hiyo ndiyo inayokuja kuifunga ile gegedu iwe mfupa mgumu. Ikishafungwa, umemaliza kurefuka. Haifunguki tena.

Nilimuuliza babu swali moja bila kumweleza sababu. Kati ya fahali na maksai, nani ana miguu mirefu?

Hakufikiria. "Maksai. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Ng'ombe aliyehasiwa akiwa mdogo hapati ile homoni ya kufunga mifupa mapema, kwa hivyo miguu inaendelea kurefuka. Fahali anafunga mapema na kubaki mnene na mfupi kidogo. Sasa geuza hiyo hesabu. Chukua kijana wa miaka 17 ambaye mifupa yake bado iko wazi, mjaze testosteroni ya kichupa. Atapata misuli, sawa. Miezi michache ya kwanza anaweza hata kuruka juu. Halafu mifupa inafunga kabla ya wakati na anabaki mfupi kuliko vile angekuwa. Yule anayetaka wasimwite Darasa la Sita angejifungia humo mwenyewe, kwa pesa ya beberu wake.

Saa ya nani?

"Lakini mimi nimechelewa," akaniambia. Nikamuuliza, kwa saa ya nani?

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980, watafiti walikaa kusini mwa Turkana kwa miaka mingi, hasa na Wangisonyoka, wakipima karibu kila kitu: mvua, majani, maziwa, watoto. Mwaka 1983 Michael Little, Kathleen Galvin na Mutuma Mugambi walichapisha vipimo vya ukuaji wa Waturkana wanaohamahama. Walichokuta ni kwamba watoto wetu wanakua polepole na wanakua kwa muda mrefu. Vijana wa Marekani wengi humaliza kurefuka wakiwa na miaka 17 au 18. Vijana wa Turkana walikuwa bado wanarefuka mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na mwisho wake walikuwa watu warefu, wembamba.

Sitakudanganya kwamba hiyo yote ni baraka. Chakula chao kilikuwa na protini nyingi kutoka kwa maziwa, nyama na damu, lakini nguvu ya jumla ilikuwa kidogo, hasa kiangazi. Ongeza magonjwa na kutembea. Mwili wenye njaa unaahirisha balehe, kama mtu anayeahirisha harusi mpaka mvua inyeshe. Njaa ni ya kuondolewa, si ya kusifiwa. Lakini mwili wenyewe haukuwa umeharibika. Ulikuwa unahesabu vizuri.

Mimi ni ushahidi mdogo. Bweni letu la sekondari waliniita Spoki, kama ile ya gurudumu la baiskeli. Nilikunywa mayai mabichi mpaka nikatapika. Baada ya kidato cha nne, bila kufanya lolote, nikarefuka sentimita tano nyingine.

Na hii ya kusoma mwili wa kijana wa huku vibaya haikuanza juzi. Agosti 1984, karibu na Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto. Kikatoka kiunzi karibu kizima cha mvulana aliyekufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, yule dunia inamwita Turkana Boy. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160. Ana miaka mingapi? Mifupa ikasema 11 mpaka 13 kwa kipimo chetu cha leo. Meno yakasema kama 8. Angekuwa mrefu kiasi gani? Kwanza walisema sentimita 185, kwa sababu walimkadiria akue kama sisi. Mwaka 2010 wengine wakasema huenda 163 tu, kwa sababu labda hakuwa na ile kasi ya ghafla ya balehe. Tofauti ya sentimita 22, mifupa ile ile! Kilichobadilika ni saa waliyompimia.

Na Kakuma yenyewe. Kambi ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudan Kusini walipofika kwa miguu baada ya kufukuzwa Ethiopia, wale waliokuja kujulikana kama Lost Boys. Wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa. Marekani ilipochukua zaidi ya 3,000 kati yao, wengi wakienda mwaka 2000 na 2001, umri ulikadiriwa na wengi wakaandikiwa siku moja ya kuzaliwa: tarehe 1 Januari. Ule mwaka ulioandikwa haukuwa mchezo. Aliyeandikwa chini ya miaka 18 alipewa familia ya kumlea. Aliyeandikwa 18 alienda kujitegemea kama mtu mzima. Sasa fikiria kukadiria umri wa kijana aliyetembea mamia ya kilomita akiwa mtoto, na kulala njaa miaka. Mwili wake unaonyesha vile amekula. Hauonyeshi vile ameishi.

Kwa hivyo, mtoto wa shangazi, ukijipima na kijana wa video aliyekua na friji imejaa, unajipima na saa ya mtu mwingine.

Nyingi si bora

Mwaka 2002 Peter Ellison na wenzake walilinganisha testosteroni ya wanaume wa sehemu nne: Boston huko Marekani, Paraguay, Nepal, na Walese wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Congo. Vijana wa Boston walikuwa juu zaidi ya wote. Lakini ukifika kwa wazee, tofauti karibu inaisha: wa Boston wameshuka sana, wengine wameshuka kidogo tu au hawakushuka. Walese hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakulima wanaofanya kazi na kuzaa watoto. Kile video inakiita "kawaida" ni kiwango cha mtu aliyeshiba sana akiwa kijana.

Tanzania nako, mwaka 2009, Martin Muller na wenzake walipima Wahadza na Wadatoga, majirani wa karibu na Ziwa Eyasi. Baba wa Kihadza hubeba watoto, hulala nao, hucheza nao, na wale wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba huwaachia mama watoto wadogo, tofauti hiyo haikuonekana. Sasa niambie, nani hapo si mwanaume? Homoni inapanda na kushuka kulingana na kazi unayofanya. Si alama za mtihani.

Na ile ya kichupa inafanya nini hasa? Kumbuka ubongo unapima. Ukijidunga, ubongo unaona imejaa na unafunga bomba. Korodani zinaacha kazi, zinasinyaa, mbegu zinapungua. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: wengi waliacha kabisa kutoa mbegu. (Usijaribu kama kinga, si kila mtu ilimfanyia.) Jamaa wa jimu anakuuzia uanaume, na ndani ya kichupa mna uzazi wa mpango. Ukiacha, huchukua miezi kurudi, wengine zaidi. Ongeza chunusi, matiti kuvimba, damu kuwa nzito, presha, moyo. Na sindano ya kushirikiana inaweza kukuletea ukimwi na homa ya ini.

Kuna watu wanaihitaji kweli, wale ambao korodani zao au ile tezi haifanyi kazi, na daktari huwapa baada ya kupima damu. Hiyo si aibu. Ukifika miaka 14 na hakuna dalili hata moja ya balehe, nenda hospitali, usingoje. Na tukiongea afya ya homoni, adui wa hapa mjini ni mwingine. Mwaka 2020 utafiti mkubwa ulionyesha Waturkana wanaoishi mijini wana uzito na presha mbaya kuliko wale wa kijijini wanaofuga, na tumbo kubwa hushusha testosteroni. Soda na kulala saa tisa usiku ukitazama simu ndiyo sumu yetu. Nilipaswa kutengeneza video ya hiyo, lakini nani angetazama?

Jina la maksai

Namalizia na kitu nilijua maisha yangu yote bila kukifikiria.

Mturkana wa zamani akitaka jina la heshima, anachagua ng'ombe. Anampenda, anamtengeneza pembe, anamwimbia, na jina lake mwenyewe linatoka kwa huyo ng'ombe: Apa fulani, baba wa fulani. Kwenye ngoma anainua mikono kama pembe zake. Ng'ombe huyo anaitwa *emong*. Na emong si fahali. Ni maksai. Amehasiwa.

Soma tena. Wanaume waliolinda mifugo jangwani kwa mikuki walijipa majina ya ng'ombe asiye na testosteroni ya kutaja. Walikuwa na mafahali zizini, waliwajua vizuri, na hawakuwachagua. Walichagua yule mrefu, mzuri, anayetulia karibu nawe. Na uanaume wenyewe haukungoja ndevu: hapa ukizaliwa tayari wewe ni Jiwe au Chui, kinyume cha baba yako, na asapan inafanywa mbele ya wazee, si mbele ya kioo. Sisemi wazee walikuwa malaika. Wavamizi walikuwepo, matusi yalikuwepo. Lakini kipimo cha kifua hawakuwa nacho. Hicho tumekiagiza juzi, na mimi nilikuwa mmoja wa wauzaji.

Binamu yangu bado hajafuta ile picha. Niliangalia. Hajaniambia ameamua nini, na sitajifanya ameshawishika, ana miaka 17 na Jumatatu anarudi kwa wale wanaomwita Darasa la Sita. Lakini alinipa ile pesa nimwekee. Iko M-Pesa, shilingi 4,500, sijaigusa.

Najua utasoma hii, mdogo wangu. Jumamosi ni soko la mbuzi. Kama unataka, twende na babu, tutafute beberu mwingine. Na kama bado unataka kichupa, njoo kwanza tuingie hospitali upimwe damu na mfupa wa mkono, tuone bado uko wazi kiasi gani. Nitalipa mimi. Ninalo deni lako.